Seva Imekukatalia: Mwongozo Kamili wa Kutafuta na Kurekebisha Ruhusa za Mafaili

Tovuti za nyumba za wageni za Jambiani na Nungwi, za maduka ya viungo, za skuli na vyama vya ushirika vya Unguja na Pemba, mara nyingi hukaa kwenye seva za kukodi zilizo ng'ambo. Ni uamuzi wa busara. Anayekumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka Bara ulipokatika, hatataka seva ya biashara yake iwe chini ya meza nyumbani. Lakini umbali huo una gharama yake: ukijifungia nje, huwezi kwenda kuikalia seva na kibodi mkononi. Na kosa linalowafungia watu nje mara nyingi ni la ruhusa za mafaili, kosa la amri moja iliyoandikwa kwa haraka.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia seva ya Linux, khasa Ubuntu au Debian, aliyekutana na `403 Forbidden`, picha zisizofunguka, au `Permission denied (publickey)` pale anapotaka kuingia. Msimamo wangu nautoa mapema: usitumie `chmod -R 777` (amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vyote vilivyomo), hata kama aliyekushauri ni mtu unayemheshimu. Amri hiyo huficha tatizo kwa siku chache, humwachia mwizi nafasi ya kuandika anachotaka, na ikielekezwa pasipo mahali pake inakufungia nje wewe mwenye seva.

Seva inaangalia nini

Kila faili lina mmiliki mmoja, kikundi kimoja, na mafungu matatu ya ruhusa: la mmiliki, la kikundi, na la watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, na namba hizo hujumlishwa. Kwa hiyo 640 maana yake mmiliki anasoma na kuandika, kikundi kinasoma tu, wengine hawana kitu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Linux haitafuti fungu lenye nafuu kwako. Inauliza kwanza kama wewe ni mmiliki. Ukiwa ndiye, inatazama fungu la mmiliki tu na inaishia hapo. Kama si wewe, inauliza kama umo kwenye kikundi. Ukiwemo, fungu la kikundi ndilo litakalokuhukumu, hata kama fungu la wengine lina ruhusa zaidi. Ndiyo maana faili lenye ruhusa 604 linaweza kusomwa na mtu baki kabisa, na likamkatalia mwanachama wa kikundi chake.

Kwa folda, maana zinabadilika. Kusoma ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Kuandika ni kuongeza, kufuta na kubadilisha majina ya vilivyomo. Kwa hiyo anayeweza kuandika kwenye folda anaweza kufuta faili ambalo haruhusiwi hata kulisoma. Na ile 1, ya kutekeleza, kwenye folda ni ruhusa ya kupita. Hapa ndipo penye mkasa mwingi. Ni kama nyumba ya Mji Mkongwe: ufunguo wa chumba cha ghorofani haukufai kitu ikiwa mlango wa mtaani umefungwa. Faili linaweza kuwa na ruhusa 644 safi kabisa, na bado lisifikike kwa sababu folda moja kati ya nne zilizo juu yake haina ruhusa ya kupita.

Hatua ya 1: jua tovuti inahudumiwa kwa jina la nani

Unapoingia kwenye seva unaingia kwa jina lako, tuseme `mhariri`. Lakini mgeni wa Italia anapofungua picha ya chumba, anayesoma picha ile si `mhariri`. Ni Nginx au Apache, na programu hizo zina jina lao. Kwenye Ubuntu na Debian kwa kawaida ni `www-data`. Thibitisha:

```
ps aux | grep -E 'nginx|apache2|php-fpm'
```

Utaona mstari mmoja wa `root` (mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye seva), huyo ni mkuu wa kazi, na mingine ya `www-data`, hao ndio wanaohudumia wageni. Maswali yote yanayofuata yanamhusu `www-data`. Wewe kuweza kufungua faili kwa jina lako, au mbaya zaidi kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya `root`, hakuthibitishi chochote.

Hatua ya 2: soma logi kabla ya kugusa kitu

Fungua terminali, andika amri hii, kisha ufungue ukurasa wenye matatizo kwenye kivinjari:

```
sudo tail -f /var/log/nginx/error.log
```

Kwa Apache ni `/var/log/apache2/error.log`. Unatafuta maneno `(13: Permission denied)`. Namba 13 ndiyo inayotumiwa na Linux kusema "huruhusiwi", na mstari huo utakutajia njia nzima ya faili lililokataliwa. Mstari mmoja huo una thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Usiiamini sana namba inayotokea kwenye kivinjari. Watu wanangoja 403, lakini kosa la ruhusa huvaa sura nyingi. Kama mpangilio wako wa Nginx unatumia `try_files` (mstari unaoorodhesha mafaili ya kujaribu kwa zamu) unaoishia na `=404`, folda isiyopitika itampa mgeni 404, na wewe utahangaika kutafuta faili lililopotea ilhali lipo mahali pake. Kama `try_files` unaishia na `/index.html` na hilo nalo halifikiki, utapata 500 na malalamiko ya mzunguko usiokwisha. Nginx ikishindwa kufikia soketi ya PHP (faili maalumu ambalo Nginx hulitumia kuzungumza na PHP), mgeni anaona 502, na logi inataja `php8.1-fpm.sock` au toleo ulilonalo, pamoja na ile 13. Dawa ya hilo iko kwenye mpangilio wa PHP-FPM: `listen.owner` na `listen.group` ziwe `www-data`. Usiifungulie soketi kwa watu wote.

Apache nayo ina tabia yake. Ikishindwa kusoma `.htaccess` inakataa folda nzima kwa 403, kwa sababu haijui kama ndani ya faili lile mlikuwa na masharti ya kuzuia watu. Ni tahadhari nzuri, ingawa inamchosha asiyeijua.

Na kama logi inasema `directory index of ... is forbidden`, hilo si suala la ruhusa hata kidogo. Maana yake folda haina `index.html` wala `index.php`. Angalia kama ulipakia mafaili ndani ya folda nyingine kwa bahati mbaya.

Hatua ya 3: ifuate njia, folda kwa folda

Amri ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii ni `namei`. Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni ya Jambiani. Kijana anayesimamia tovuti amepakia picha mpya kabla ya msimu wa Julai, na picha moja haifunguki:

```
namei -l /var/www/wageni/picha/pwani.jpg
```

Inamjibu hivi:

```
drwxr-xr-x root    root     /
drwxr-xr-x root    root     var
drwxr-xr-x root    root     www
drwxr-x--- mhariri www-data wageni
drwx------ mhariri mhariri  picha
-rw-r--r-- mhariri mhariri  pwani.jpg
```

Soma kutoka juu kushuka, kila mstari ukijiuliza: `www-data` anapita? Mistari mitatu ya mwanzo anapita kama mtu baki. `wageni` anapita kwa sababu kikundi ni chake na kina `x`. Kwenye `picha` anakwama: mmiliki ni `mhariri`, kikundi ni cha `mhariri`, na wengine hawana kitu. Picha yenyewe haina kosa lolote. Kijana angeweza kubadilisha ruhusa za `pwani.jpg` mpaka alfajiri na isifunguke.

Kisha jaribu kwa jina la mhusika mwenyewe:

```
sudo -u www-data test -r /var/www/wageni/picha/pwani.jpg && echo inasomeka
```

Neno `inasomeka` lisipotokea, bado hujamaliza.

Vipi folda ilifika hapo katika hali hiyo? Karibu kila mara ni njia iliyotumika kuihamisha. `mv` hubeba mmiliki, kikundi na ruhusa za zamani, hata ukihamishia kwenye folda iliyopangwa vizuri. `unzip` hufuata ruhusa zilizohifadhiwa ndani ya kifurushi, na `rsync -a` hunakili ruhusa za kompyuta uliyotokea. `cp` ya kawaida huunda faili jipya, na kwa hiyo huleta matatizo machache zaidi.

Kuna na hili la nyumbani kwa mtumiaji. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya chini ya `/home` huundwa na ruhusa 750. Miongozo mingi ya zamani inafundisha kuweka tovuti ndani ya `/home/mhariri/tovuti`. Ukiifuata leo, `www-data` anakwama mlangoni. Ushauri wangu ni kuiacha `/home` ilivyo na kuiweka tovuti `/var/www`.

Hatua ya 4: rekebisha kwa mpango

Kabla ya kubadilisha lolote, hifadhi hali iliyopo. Kifurushi cha `acl` kinahitajika:

```
sudo apt install acl
sudo getfacl -R /var/www/wageni | sudo tee /root/ruhusa-wageni.txt > /dev/null
```

Mambo yakiharibika, unarudisha yote kama yalivyokuwa:

```
sudo sh -c 'cd / && setfacl --restore=/root/ruhusa-wageni.txt'
```

Ule `cd /` ni wa lazima, kwa sababu `getfacl` huondoa mkwaju (`/`) wa mwanzo kwenye majina ya njia.

Kama unafanya kazi kwa intaneti ya simu, fungua `tmux` kwanza. Bando likikatika katikati ya amri inayopitia maelfu ya mafaili, ndani ya `tmux` amri itaendelea hadi mwisho. Nje yake inaweza kukatika nusu ya njia, na mafaili yaliyobadilishwa nusu ni shida zaidi kuyaelewa kuliko yaliyoharibika yote.

Sasa mpango wenyewe. Mhariri awe mmiliki, `www-data` kiwe kikundi, wengine wasiwe na kitu:

```
sudo chown -R mhariri:www-data /var/www/wageni
sudo find /var/www/wageni -type d -exec chmod 2750 {} +
sudo find /var/www/wageni -type f -exec chmod 640 {} +
```

Folda na mafaili vimetenganishwa makusudi. Ukizipa folda 640 hazitapitika, na tovuti yote itazima kwa mara moja. Ile 2 ya mbele kwenye 2750 hufanya kila kitu kipya kitakachoundwa ndani ya folda kirithi kikundi cha `www-data`, hata kama aliyekiunda ni `mhariri`. Bila hiyo utarudia kazi hii kila wiki.

Folda inayopokea picha kutoka kwa tovuti yenyewe, kama `uploads` ya WordPress, inahitaji `www-data` aandike. Ipe hiyo peke yake:

```
sudo find /var/www/wageni/wp-content/uploads -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /var/www/wageni/wp-content/uploads -type f -exec chmod 660 {} +
```

Wapo watakaokwambia umpe `www-data` umiliki wa tovuti nzima ili WordPress ijisasishe bila usumbufu. Inafanya kazi, sikatai. Lakini programu-jalizi moja ikiwa na tundu, aliyeingia kupitia hilo tundu anaweza kuandika upya kila ukurasa, ukiwemo ule wenye namba za malipo. Kwa biashara inayopokea malipo ya wageni, ningevumilia usumbufu wa kusasisha kwa mkono. Faili la `wp-config.php` lina nenosiri la hifadhidata; 640 inalitosha, wala lisionekane kwa mtu mwingine yeyote.

Ukitumia `rsync` kupakia, iambie ruhusa unazotaka badala ya kuiachia inakili za kompyuta yako:

```
rsync -rtp --chmod=D2750,F640 tovuti/ mhariri@seva:/var/www/wageni/
```

Amri hiyo itazipa 2750 folda zote inazozigusa, kwa hiyo iache `uploads` nje yake kwa kuongeza `--exclude=wp-content/uploads`.

Walio kwenye hosting ya pamoja, yenye paneli na bila `sudo`, mambo yao ni tofauti kidogo. Huko PHP mara nyingi huendeshwa kwa jina lako mwenyewe, kwa hiyo 755 kwa folda na 644 kwa mafaili zinatosha. Na kwenye hosting nyingi za namna hiyo, faili la PHP lenye 777 au 666 hukataliwa makusudi na kutoa 500. Yaani ile amri ya "kufungua kila kitu" ndiyo inayozima tovuti.

Kwenye AlmaLinux au Rocky Linux kuna mlinzi wa pili, SELinux. Ruhusa zinaweza kuwa sahihi zote na faili likakataliwa bado, kwa kuwa lilihamishwa na `mv` kutoka `/home` likaja na lebo ya huko. Tazama kwa `ls -Z`, rekebisha kwa `sudo restorecon -Rv /var/www/wageni`. Usiizime SELinux.

Hatua ya 5: unapokataliwa kuingia kwa SSH

Kukataliwa kuingia kwa SSH, njia ya kuiongoza seva ukiwa mbali kwa kutumia faili la ufunguo, kunatisha zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni nia njema. Tuseme kuna mwenzako wa Chake Chake mnayesaidiana naye kazi, na unataka aweze kuandika kwenye mafaili yako. Unaandika `chmod -R 775 /home/mhariri`. Hakuna kinachotokea. Unafunga kompyuta, unakwenda zako. Kesho yake unajaribu kuingia, unapata `Permission denied (publickey)`, ingawa ufunguo ni uleule.

SSH hukagua folda yako ya nyumbani, folda ya `.ssh` na faili la `authorized_keys`. Mtu mwingine zaidi yako na `root` akiwa na uwezo wa kuandika kwenye mojawapo, SSH inaukataa ufunguo, kwa hoja kwamba mtu huyo angeweza kuingiza ufunguo wake mwenyewe. Hoja ni ya kweli. Tatizo ni kwamba wewe uliye nje huambiwi sababu. Sababu inaandikwa ndani ya seva tu:

```
Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/mhariri
```

Ukiwa bado una dirisha moja lililo wazi, au mwenzako anaweza kuingia kwa jina lake na ana `sudo`, soma logi kwa `sudo journalctl -u ssh`, kisha:

```
sudo chown -R mhariri:mhariri /home/mhariri/.ssh
sudo chmod 750 /home/mhariri
sudo chmod 700 /home/mhariri/.ssh
sudo chmod 600 /home/mhariri/.ssh/authorized_keys
```

Angalia pia mmiliki wa `/home/mhariri` yenyewe kwa `ls -ld`, awe `mhariri`.

Kwa hiyo kanuni ya kazi: kila unapogusa ruhusa za `/home` au `/etc/ssh`, usifunge dirisha ulilonalo mpaka umefungua la pili na limekubali. Muunganisho uliokwisha kuingia haukatwi na kosa hili.

Kosa linaweza kuwa upande wako pia. Ufunguo wa siri ukiwa na ruhusa 644, programu ya SSH kwenye kompyuta yako itakataa kuutumia na kusema ruhusa zake ni wazi mno. `chmod 600` inamaliza. Isipokuwa ufunguo uko kwenye fleshi ya FAT: mfumo huo hauhifadhi ruhusa za Linux, na `chmod` haitaleta mabadiliko. Unakili uende `~/.ssh` ya kompyuta kwanza.

Hatua ya 6: hakuna dirisha lililobaki wazi

Ingia kwenye paneli ya kampuni uliyokodi seva. Wengi wana konsoli inayofunguka ndani ya kivinjari. Hiyo haipiti SSH, na inakubali nenosiri. Ukiwa na nenosiri la mtumiaji mwenye `sudo`, ingia na ufanye ya hatua ya 5.

Kama hujawahi kuweka nenosiri, tumia hali ya uokoaji. Seva itawaka kwa mfumo mwingine wa muda, na diski yako itakuwa pembeni, haijafunguliwa. Itafute, ifungue, uingie ndani yake:

```
lsblk
mount /dev/vda1 /mnt
chroot /mnt
```

Jina `vda1` linaweza kuwa jingine. Amri ya `lsblk` itakuonyesha sehemu yenye ukubwa wa diski yako. Usiruke `chroot`. Majina ya watumiaji kwenye mfumo wa muda si yale ya seva yako, na `chown mhariri` nje ya `chroot` itashindwa au itampa mtu asiye yeye. Ukishamaliza, `exit`, `umount /mnt`, rudisha seva kwenye hali ya kawaida kutoka kwenye paneli, uiwashe upya.

Imebaki hali moja nzito: `chmod -R 777 /` au `chown -R mhariri /`, ile nukta au jina la folda liliposahaulika. Hapo `sudo` inakataa, kwa kuwa lazima iwe mali ya `root` na iwe na alama yake ya pekee, ambayo `chown` huifuta. Baada ya `chmod` ile, SSH nayo itakataa kuwaka ikizimwa, kwa kuwa funguo za seva ndani ya `/etc/ssh` ziko wazi. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kurekebishwa, na nimeona watu wakijaribu. Lakini kuna maelfu ya mafaili mengine yenye ruhusa za pekee, na hutajua ni lipi lililobaki wazi. Usiitengeneze seva hiyo. Washa hali ya uokoaji, nakili `/var/www`, mpangilio wa Nginx au Apache kutoka `/etc`, na hifadhidata. Kodi seva mpya, uirudishe tovuti hapo, na uziweke ruhusa kwa amri za hatua ya 4.

Kabla ya kuielekeza anwani ya tovuti kwenye seva mpya, pekua `uploads`. Folda ile ni ya picha na nyaraka. Faili la PHP ndani yake ni dalili kwamba kuna aliyeandika wakati kila kitu kilikuwa wazi:

```
sudo find /var/www/wageni/wp-content/uploads -name '*.php'
```

Likitokea jina, lifungue usome kilichomo kabla ya kulifuta, kwa sababu baadhi ya programu-jalizi huweka `index.php` tupu kihalali. Likiwa na msimbo usiouelewa, badilisha manenosiri yote ya tovuti na ya hifadhidata siku hiyohiyo, na uisakinishe WordPress upya badala ya kuihamisha ile ya zamani.